Manyanga ya Upande wa Kwanza

Nimekuwa mtu wa kulalamika tangu ujana, na kwa miaka mingi kulalamika kwangu kulikuwa na faida. Nilifundisha kwaya ya usharika wetu hapa Makambako mpaka nilipostaafu, na kazi ya mwalimu wa kwaya ni kusikia kosa kabla ya mtu mwingine yeyote. Sauti ya pili ikishuka kidogo tu, nilijua ni mama yupi wa mstari wa nyuma aliyeishusha. Watu walisema nina masikio, nami nilipenda kuwasikia wakisema hivyo.

Nyumbani, hata hivyo, nilikuwa mtu wa jazi. Jazi ninayoisema ni ile yetu, ya bendi za zamani zilizojiita jazi karibu kila mji, zenye magitaa matatu na saksafoni mbili, zilizopiga dansi wakati mimi bado navaa kaptura. Santuri zangu ziko kwenye kabati ambalo marehemu mke wangu alilitaka kwa ajili ya vyombo. Alipofariki niliapa nitavihamishia vyombo humo, kwa heshima yake, na mpaka leo viko kwenye beseni. Watoto wako mbali, mmoja Mbeya na mwingine Dar es Salaam. Nyumba yangu ya Kitandililo, hapahapa Makambako, ni kubwa mno kwa mtu mmoja, na upepo wa huku ukianza kupiga mabati mchana, usipokuwa na kitu cha kusikiliza utasikiliza mabati.

Katika ukanda huu wote nilikuwa na mtu mmoja tu wa kuongea naye habari hizi. Yeye yuko Njombe mjini. Alifanya kazi kwenye mashine ya kupasua mbao tangu ujana hadi mgongo ulipokataa. Tulikutana mnadani, kwenye turubai la redio mbovu, sote wawili tumeshika santuri moja, kila mmoja upande wake. Mimi niliitaka kwa sababu nilijua mpiga saksafoni wake ni nani. Yeye aliitaka kwa sababu aliwahi kuicheza na msichana wa kijiji cha Kichiwa, ambaye baadaye alimwoa. Nikaona hoja yake ni nzito kuliko yangu, nikaiachia. Tangu siku hiyo ikawa kila Jumamosi ama mimi napanda basi kwenda Njombe, ama yeye anashuka Makambako akiwa na koti lake zito, analalamika kwamba kwetu kuna vumbi.

Miaka tisa tulibishana jambo moja. Alikuwa na elipii aliyoinunua kwa mshahara wake wa kwanza, santuri aliyoipenda kuliko zote, na mimi pia niliipenda kuliko zote nilizowahi kuzisikia, ila hatukukubaliana upande upi ni bora.

“Mwalimu, upande wa kwanza ndiyo santuri yenyewe,” alikuwa akisema. “Hayo manyanga peke yake yanatosha.”

“Manyanga ni ya kubembelezea watoto, mnyalukolo, ndugu yangu. Geuza tusikie saksafoni.”

“Wewe wa kanisani utajuaje raha ya manyanga?”

Manyanga ni vile vibuyu vyenye mbegu ndani, vinavyotikiswa nyuma ya magitaa tangu wimbo unaanza mpaka unaisha. Mimi nilimcheka, lakini ukweli ni kwamba mpigaji yule alikuwa fundi. Alitembea juu ya wimbo mzima bila kuchoka wala kuharakisha.

Tulikuwa pia na utaratibu wetu. Sindano za pleya ni shida kuzipata huku. Inabidi mtu aagize Dar es Salaam, isubiriwe, na ikija iwe ndiyo yenyewe. Santuri iliyochakaa inakula sindano, na sindano iliyoliwa inaharibu santuri zilizo nzima. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba santuri iliyokufa haihifadhiwi. Anayesema imekufa ni mimi, kwa kuwa masikio ni yangu. Yeye, baada ya miaka yote ya msumeno, tulijua masikio yake yamebaki kiwandani. Nilikuwa nakaa kwenye stuli yake, nasikiliza upande mzima nimefumba macho, halafu nasema, “Bado,” au nasema, “Imekufa.” Ikifa, mkewe anailainisha kwenye maji ya moto, anaibana juu ya sufuria mpaka iwe bakuli, na anaotesha maua humo. Tundu la katikati linatoa maji vizuri. Baraza lao lilikuwa limepangwa mabakuli ya namna hiyo, na wageni waliyasifia.

Mwaka jana ikatangazwa kwenye kundi letu la simu, kundi la wapenzi wa santuri kutoka mikoa mbalimbali, kwamba elipii ile imechapwa upya huko Ulaya. Kundi zima likawa shangwe. Watu waliweka picha za jalada, wakabishana kama rangi ya kijani ni ileile, wakataja santuri nyingine wanazotamani zichapwe. Nami niliagiza yangu. Ilikuja kwa basi, imefungwa kama yai, inang'aa, haina hata alama ya kidole.

Niliiweka upande wa kwanza, nikakaa. Magitaa yalikuja, besi ikaja, sauti ya mwimbaji ikaja safi kabisa. Manyanga hayakuwepo. Nikarudisha mwanzo. Hayakuwepo.

Basi nikapandwa na hasira zangu. Niliandika ujumbe mrefu kwenye kundi, nikasema wameisafisha santuri mpaka wameiosha roho, wamekwangua manyanga pamoja na mikwaruzo, na kwamba anayeisifia hana tofauti na anayesifia chai bila majani. Kijana mmoja wa Mwanza akajibu kwa adabu, “Shikamoo mzee. Mbona kwangu manyanga yapo, tangu mwanzo mpaka mwisho?” Mwingine akasema hata kwake yapo. Wa tatu akaweka kicheko. Nikamwambia yule wa Mwanza kwamba nilifundisha watu kusikia kabla baba yake hajabalehe, kisha nikatoka kwenye kundi. Hakuna aliyenipigia kuniuliza kwa nini nimetoka. Niliitazama simu siku mbili tatu, kisha nikaacha kuitazama.

Jumamosi nikaenda Njombe na santuri yangu mpya kwapani. Nilitaka shahidi. Nilimwambia tuanze na ya Wazungu, halafu ya kwake, ili asikie mwenyewe wizi uliofanyika. Tulicheza mpya, nikamwangalia, naye akawa anaangalia vidole vyake. Tukacheza ya kwake. Nilifumba macho, nikasikia mikwaruzo ninayoifahamu, magitaa ninayoyafahamu, na mahali pa manyanga palikuwa patupu.

Ningeweza kuanza kujiuliza hapo. Mtu mwingine angejiuliza. Mimi nilifumbua macho nikasema, “Hata hii, mnyalukolo. Sindano yako imeshayala. Imekufa.”

Aliinama akainua mkono wa pleya taratibu. “Mwalimu, mimi kama nilikuwa nasikia…”

“Wewe?” nikacheka. “Wewe masikio yako si yalishapasuliwa mbao?”

Naye akacheka kidogo. Tukanywa chai, nikawahi basi. Njiani niliumia, nakiri, lakini niliumia kwa ajili ya santuri.

Jumamosi iliyofuata hakushuka Makambako. Nikasema ni baridi, Njombe wakati ule asubuhi huwezi kushika maji. Iliyofuata tena sikupanda mimi, maana nilijiambia ni zamu yake. Nikabaki na kabati langu na mabati yangu. Umeme nao ulikuwa unanichezea. Ulikuwa unakatika ghafla nikiwa katikati ya upande, nami nilikuwa nawasema vibaya wahusika kwa majirani, kumbe kila mara ni uniti zangu zimekwisha. Nilijiuliza kwa nini hawaweki kitu cha kumtahadharisha mtu.

Wiki ya tatu binti yangu akaja kutoka Mbeya. Hajakaa hata saa moja, akatoka jikoni ameziba sikio.

“Baba, unavumiliaje hiyo mita? Mbona huweki umeme?”

“Imefanya nini?”

“Inalia, Baba. Inalia tangu nimeingia.”

Nilikwenda nikasimama chini ya mita. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Nilisogeza sikio karibu nayo kabisa, la kulia, kisha la kushoto. Binti yangu alikuwa nyuma yangu. Sikusikia chochote.

Nilimwomba akae sebuleni, nikaweka ile santuri mpya, upande wa kwanza. Yeye muziki huu haumhusu, aliukimbia tangu mdogo. Nikamuuliza kama kuna kitu chochote kinachotikisika juu ya magitaa.

“Hiki kama mtu anapepeta mchele? Si kipo muda wote?”

Niligeuka dirishani nisimwoneshe uso. Niliogopa, na nilijihurumia sana, nisiseme uongo. Nilijiona nimebaki mtu wa kawaida tu, mzee wa Kitandililo mwenye vyombo kwenye beseni. Ilichukua muda kabla sijamkumbuka rafiki yangu. Nilipomkumbuka, nilimwacha binti yangu na chakula mezani, nikaenda kituoni.

Nilichotaka kilikuwa kimoja. Nilitaka kumkuta na ile santuri, nimwambie airudishe kwenye jalada lake, kwamba haijafa, na kwamba hukumu yangu haikuwa halali. Sikuwa na rafiki mwingine. Nilijua kama nikimpoteza huyu, nitakuwa nimebaki na mita ninayoiona kwa macho tu.

Mkewe alinipokea mlangoni. “Kamwene, shemeji. Umepotea.”

“Kamwene, shemeji. Nipo.”

Pale barazani, mwisho wa safu, kulikuwa na bakuli jipya. Udongo wake ulikuwa mbichi, na maua hayajachomoza. Niliinama nikatazama chini yake. Lebo niliifahamu kabla sijaisoma.

Rafiki yangu alikuwa sebuleni anaangalia televisheni bila sauti. Pleya ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa walikuwa wameweka saa ya mezani. Nikaelewa kwamba haijafunuliwa siku nyingi.

“Mbona hupigi?” nikamuuliza.

“Tangu siku ile sijapiga, Mwalimu.” Alisema polepole, kwa sauti yake ile nene. “Nilikuwa nayasikia manyanga. Nilikuwa nayasikia vizuri kabisa, kwenye ile mpya na kwenye ya kwangu. Wewe ukasema hayapo. Nikasema basi, kumbe ni akili inakumbuka tu, masikio yalishakwenda. Nikajiuliza ni mangapi mengine nayasikia ambayo hayapo. Raha ikaisha.”

“Kwa nini hukubishana nami? Si tunabishana siku zote?”

“Tulikuwa tunabishana kipi kizuri. Kipi kipo ulikuwa unasema wewe.”

Nilikaa kwenye stuli, ileile. Nikamwambia yote. Nilimwambia habari ya mita na ya mchele. Nikamwambia masikio yaliyokufa ni yangu, ya kwake ni mazima, na santuri yake ilikuwa nzima, na mimi ndiye niliyeiua. Nilimwomba msamaha kwa Kiswahili, halafu nikamwomba tena kwa Kibena, maana cha kwanza kilionekana hakitoshi. Nilitegemea atapiga kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele.

Aligeuza uso kwenye ile televisheni isiyosema. Nilidhani anaifikiria santuri yake, mshahara wake wa kwanza, na msichana wa Kichiwa aliyekuwa jikoni anatuchemshia chai. Kumbe alikuwa ameshapita hapo.

“Tangu lini, Mwalimu?”

“Nini?”

“Masikio. Yalianza kukuacha tangu lini?”

Nilifungua mdomo nimwambie ni mwaka huu, au mwaka jana. Sikuweza, maana sijui. Hayakuaga. Inawezekana ni mwaka jana, na inawezekana ni miaka mitano, na katika miaka mitano nilikaa kwenye stuli ile Jumamosi nyingi sana, nimefumba macho, nasema, “Imekufa.”

“Sijui,” nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa, kwa upole tu, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akainuka, akavaa koti lake, akatoka barazani. Kupitia dirishani nilimwona ameinama mwanzo wa safu, analiinua bakuli la kwanza kwa mikono miwili asimwage udongo, anatazama chini yake. Kisha la pili. Alikuwa anasoma lebo moja baada ya nyingine, kwa sauti, jina la bendi, jina la wimbo, na sauti yake ni nene, kwa hiyo nilisikia kila neno.