Jina Langu Kwenye Daftari la Bwawa

Maji ya mto yakianza kurudi nyuma, tope linalobaki hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine popote, na nimezunguka sehemu nyingi. Ni harufu nzito ya majani yaliyooza, ya matete yaliyolala, ya kambale wanaojipindua kwenye vidimbwi wakitafuta njia ya kutokea. Juu yake huja moshi, maana kwetu kila nyumba ilikuwa na chanja la kukaushia samaki. Kijiji chetu kilikuwa pale mto unapoingia ziwani, upande wa Mara, na mto wenyewe ulitokea nchi jirani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Mvua za huko juu zilipokolea, mto ulipanda kingo zake na kulifunika bonde lote, na ulipopungua ulituachia ardhi nyeusi, laini, isiyohitaji mbolea. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyenilea, na alilima bonde hilo kwa kijiti. Alitoboa shimo, akadondosha mbegu ya mahindi, akafukia kwa kidole cha mguu, akasonga mbele. Kazi yote ilikuwa hiyo. Nikiwa darasa la tatu nilijua kwamba tunakula kwa sababu mto unafurika, kama watoto wengine wanavyojua kwamba wanakula kwa sababu baba ana mshahara.

Mwaka huo ndipo tuliposikia habari za bwawa. Lingejengwa juu, karibu na mpaka, lizalishe umeme kwa nchi zote mbili, na mafuriko yetu yangebaki nyuma ya ukuta. Watu hawakuuchukia umeme. Mwalimu wetu alisahihisha madaftari kwa mwanga wa kibatari, na wakunga wa zahanati walishika tochi mdomoni. Kilichowanyima raha ni bonde. Aliyetuletea habari kamili ni Shangazi Adela, dada yake baba, ambaye alikuwa akipeleka samaki wakavu kwenye minada ya ng'ambo ya mpaka. Alirudi siku hiyo akakaa kizingitini, hata mzigo hajautua vizuri.

"Kule wameshamalizwa," alisema. "Waliitwa mkutanoni, wakaandika majina kwenye daftari, wakanywa soda, wakarudi makwao. Baadaye karatasi ikaja kwamba wananchi wamekubali bwawa. Wakauliza, nani amekubali? Wakaonyeshwa majina yao."

"Si waliandika kwamba wamefika?" bibi aliuliza.

"Ndiyo, mama. Kufika kwao ndiko kulikogeuzwa kukubali kwao."

Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, hakuna aliyeondoka. Walijadiliana uani mwa kanisa hadi jua likawa la utosi. Vijana walitaka mkutano wa kwetu ususiwe, watu wa mradi wakute uwanja mtupu. Bibi akasema tusipokwenda wataandika kwamba hatukuwa na la kusema. Mwishoni wakakubaliana jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka linanishangaza kwa urahisi wake: twende wote, tusikilize, tuulize, ila asiwepo wa kushika kalamu yao wala kufungua soda yao.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Watu wa mradi walifunga turubai jeupe, wakapanga viti vya plastiki, na kreti za soda zikawekwa kivulini mahali ambapo kila mtu angeziona. Penye kuingilia palikuwa na meza, daftari kubwa, na kijana mmoja wa mradi, mwenye shati la kaki, aliyeeleza kwa adabu kwamba anayetaka kukaa kwenye kiti aandike jina kwanza. Watu wetu wakamshukuru, wakaenda kukaa kwenye nyasi, juani. Walikuja wazee kwa mikongojo, wanawake wenye vichanga, wavuvi waliokuwa hawajalala, wote wakakaa juani wakitazama viti vitupu. Vichanga walifunikwa kanga. Maji ya kunywa walikuwa wamebeba kwenye madumu kutoka nyumbani. Sijaona tena watu wengi kiasi kile wakiwa na kiu na kivuli kiko hatua kumi mbele yao, na hakuna hata mmoja aliyesogea.

Mhandisi wa mradi aliongea kwa kipaza sauti kwa muda mrefu, na sikumwona kuwa mtu mbaya. Alisema maji ya bondeni yatakuwa yanafunguliwa kwa ratiba. Mzee Kubega, mvuvi aliyekuwa jirani yetu, akanyanyuka na kofia yake mkononi. "Sasa mhandisi, hiyo ratiba kambale atasomewa na nani? Maana yeye huja kutaga akisikia maji, shule hajakwenda." Watu wakacheka, na mhandisi naye akacheka. Shangazi Adela akauliza kama ukuta ukikamilika funguo za maji zitakaa kwetu au ng'ambo. Mhandisi akajibu kwamba kutakuwa na kamati ya pamoja ya nchi mbili. "Mimi nimeuliza funguo," shangazi akasema, akakaa.

Mimi nilikuwa natazama kalamu. Shuleni kwetu wino ulianza darasa la nne, sisi wa la tatu tuliandika kwa penseli, na ndiyo kwanza nilikuwa nimejifunza kuunganisha herufi. Kalamu ile ya bluu ilikuwa imefungwa uzi, juu ya ukurasa safi wenye mistari iliyonyooka, na yule kijana alikuwa ameitwa kusogeza kreti ambazo jua lilikuwa limezifikia. Makubaliano ya kanisani niliyasikia vizuri sana. Nikajiambia yale ni ya watu wazima. Nikaandika, kwenye mstari wa kwanza, Veronika Mafuru Magesa, na herufi ya mwisho nikaipa mkia.

Kijana alirudi, akaona, akatabasamu, akaenda kumwonyesha mhandisi daftari, kisha akalirudisha mezani. Kipaza sauti kikasema tunamshukuru Veronika Mafuru Magesa kwa kutufungulia mahudhurio. Uwanja wote ukageuka. Mtu alisema nyuma yangu, "Huyu ameshatuuza kwa mwandiko," na hakuna aliyecheka.

Bibi alinyanyuka taratibu, akakung'uta nyasi kwenye kanga, akaja mezani bila kunitazama.

"Shikamoo, bibi," kijana alisema.

"Marahaba, mwanangu. Huyo mliyemtaja ana miaka tisa. Mfute."

"Kurasa zina namba, bibi, siruhusiwi kufuta wala kuchana. Ila usiwe na wasiwasi, mtoto hahesabiwi."

"Kama hahesabiwi, mbona mmemtangaza?"

Bibi, ambaye hakujua kusoma, akaweka kidole juu ya ukurasa na kuniuliza pameandikwa nini. Nilisoma nikiwa nalia: mahudhurio, namba, jina, kijiji, sahihi. Akauliza kama kuna mahali pa kuandika mtu alichokuja kusema. Nikasema hakuna.

"Basi paandikwe," alimwambia mhandisi, ambaye alikuwa ameshasogea mezani. "Hapo juu kabisa. Andikeni kwamba hawa wanaofuata wamekuja kulikataa bwawa. Mkishaandika, mtoto huyu atanisomea. Nikisikia ndivyo, na mimi naweka dole."

Mhandisi angeweza kukataa, na sijui tungefanya nini. Akachukua kalamu akaandika mwenyewe. Nilisoma maneno yale kwa sauti, bibi akanitaka nirudie, nikarudia. Kisha akachovya dole gumba kwenye kidau cha wino kilichokuwa mezani na kuliweka chini ya jina langu. Nyuma yake ukajipanga mstari ambao mwisho wake sikuuona. Wasiojua kuandika niliwaandikia mimi. "Haya Veronika," Mzee Kubega alisema ilipofika zamu yake, "niandike mimi kwa huo mwandiko wa maringo, na mkia wangu uwe mrefu kuliko wako." Mkono uliniuma mpaka begani. Shangazi Adela hakuridhika na daftari moja, akamwomba mwalimu anakili yote kwenye madaftari ya shule, na mwenyekiti wa kijiji akagonga muhuri kwenye daftari lao na kwenye nakala yetu. Soda zikarudi kwenye lori zilivyokuja. Nyumbani nilingoja fimbo. Bibi aliniambia tu, "Siku nyingine usome juu kwanza, ndipo uandike chini."

Bwawa halikujengwa. Sisemi ni sisi tuliolizuia. Nimesikia kwamba fedha hazikutosha, nimesikia kwamba nchi mbili hazikuelewana, na huenda yote ni kweli. Ninachojua ni kwamba mafuriko bado yanakuja na bonde bado linalimwa. Mimi niliondoka nikiwa darasa la sita, si kwa shida, ni miguu tu iliyopenda safari. Nilipanda lori la dagaa hadi Kirumba, nikaanika dagaa kwenye soko la Mwaloni, nikauza vitabu vya mtumba Nyamagana, vingi nikiwa nimevisoma kabla ya kuviuza. Nikawapikia wachimbaji Geita, nikakaa Ukerewe mwaka mzima kwa sababu tu sikuwahi kuishi kisiwani. Sasa nimepanga chumba Buhongwa, chenye umeme, na nikiwasha taa wakati mwingine najiuliza ni bonde la nani lililonipa mwanga huu, na kama waliulizwa.

Mwezi uliopita watu walipita mtaani kwetu wakipaka alama nyekundu kwenye nyumba zitakazopisha barabara. Nyumba ninayopanga imo. Rangi ilikuwa haijakauka na mimi nilikuwa nimeshaanza kufunga vyombo, maana hiyo ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote. Jirani wa chumba cha pili, mama mwenye cherehani, alisimama mlangoni akauliza kama nimesikia kutakuwa na mkutano. Nikataka kumjibu nikagundua nimekaa naye ukuta kwa ukuta karibu miaka miwili na sijui jina lake. Kule kwetu bado naweza kuyataja majina ya mstari ule, kuanzia la bibi, jinsi nilivyoyaandika. Nikaweka ndoo chini, nikamuuliza anaitwa nani.