Kasha la Mzee Cordiner

Kabla ya kazi ya Bowie, Nkatha alikuwa Wheaton, kitongoji kingine cha Washington, Marekani, akimtunza mwanamke wa miaka tisini na mmoja aliyezaliwa Glasgow, Scotland. Kwa miaka miwili alimwogesha, akamlisha, akamsikiliza, na polepole akayazoea maneno yake. Akiagizwa "messages" alijua ni vitu vya dukani. Mtoto aliitwa "wean", kulia ni "greet", na chochote kinachouma ni "sair". Sanduku kubwa la mbao lililowekwa mablanketi chini ya dirisha liliitwa "kist". Hilo alilishika siku ya kwanza, kwa kuwa lilikaribia kasha, na kasha ndicho kitu chenyewe.

Mwanamke huyo alipofariki, mwaka 2005, Solomon alimpigia simu. Solomon alikuwa Mkenya mwenzake, mpanga zamu katika ofisi iliyowatafutia watunza wazee kazi.

"Nkatha, kuna mzee huko Bowie, ni wa Scotland pia. Amepata stroke. Kiingereza cha watu wote kimeenda, amebaki na ile ya kwao. Si wewe unaielewa?"

"Naielewa."

"Basi nimeku-book. Watu watatu wameshindwa hapo. Usiniangushe."

Mzee Cordiner alikuwa mchonga mawe. Alitoka Peterhead, mji wa mawe mekundu kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya Scotland, akaja Washington akiwa kijana kuchonga maua na sura za malaika kwenye kuta za majengo ambayo hakuwahi kualikwa kuingia. Alioa mwalimu Mmarekani Mweusi, ambaye sasa alikuwa marehemu, wakazaa binti mmoja, Ayanna. Binti huyo alifanya kazi serikalini. Kiswahili alikisoma chuoni kwa mapenzi yake mwenyewe, akakizungumza kwa uangalifu, kama mtu anayetembea kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki.

Siku ya kwanza alimkalisha Nkatha jikoni, akafungua daftari.

"Dada Nkatha, nimeandika maneno ya baba yangu. Naomba tuyapitie moja moja, tafadhali."

Walianza. Mengine Nkatha hakuyajua, akayarudia kwa sauti. Mengine aliyajua.

"Kist," Ayanna alisoma.

"Hilo nalijua."

Ayanna akalikata kwa mstari, akaenda kwa lililofuata.

Ilichukua wiki moja tu Nkatha kugundua kwamba Kiskoti chake kilikuwa cha mji mwingine. Kutoka Glasgow hadi Peterhead ni mwendo wa asubuhi moja kwa gari, lakini alipotamka "wean" mzee alimkazia macho kama aliyetukanwa. Kwake mtoto ni "bairn", mvulana ni "loon", na msichana ni "quine". Nkatha, mwenye miaka arobaini na minne na watoto wawili Meru, akawa "quine" kuanzia siku hiyo. Mzee aliuliza, "Far's Ayanna?" Nkatha akasikia Kiingereza, akasikia mbali, akajibu ndiyo, yuko mbali, yuko mjini. Mzee akauliza tena, na tena, mpaka akalia. Jioni Ayanna alieleza kwamba kwa watu wa Peterhead "far" ni wapi. Mzee alikuwa akiuliza mwanawe yuko wapi, na kutwa nzima anajibiwa kwamba yuko mbali.

Usiku huo Nkatha aliandika neno hilo kwenye kiganja. Lakini hakurudi kuyatazama yale yaliyopigwa mstari. Ya nini, na aliyajua?

Mtaani Adelphi alikokaa, mlango wa pili kulikuwa na Method, Mtanzania wa Bukoba aliyepika kwenye mkahawa wa chuo. Jumapili moja Nkatha alimwambia ngazini, "Bibi ya Solomon amejifungua msichana."

Method akaweka mifuko chini. "Bibi yake? Ana miaka mingapi huyo bibi?"

"Kama thelathini hivi."

"Na mama yake Solomon alizaliwa lini, dada?"

"Bibi, Method. Bibi. Yule amemuoa."

"Huyo ni mke. Bibi ni yule aliyemzaa mama yako." Aliokota mifuko yake, akicheka peke yake. "Kiswahili chenu cha Kenya kitakuja kuua mtu."

"Na nyinyi mnaotaka watu wasalimiane nusu saa, hamjaua?"

Ilikuwa Februari, asubuhi, theluji ikiwa imefika kwenye vioo vya magari. Ayanna alikuwa ameshaondoka. Mzee aliketi dirishani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa tangu ile stroke, na wa kushoto ulikuwa umeng'ang'ania mkono wa kiti. Saa nne na dakika ishirini alisema, "Ma kist, quine."

Nkatha aligeuka kutoka kwenye vyombo. Alifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu afike, neno zima lilikuwa lake, halina haja ya daftari wala simu kwa Ayanna. Kasha la zana za mzee lilikuwa chini kwenye chumba cha kufulia, alilipita kila siku akibeba mashuka.

"Nakuletea, mzee," alisema kwa Kiswahili, kama alivyozoea kumsemesha.

Aliona jasho kwenye paji la uso wake. Akapunguza joto la nyumba, akashuka.

Kasha lilikuwa la mwaloni, limejaa patasi za chuma na nyundo. Alijaribu kulinyanyua, likagoma. Akatoa vifaa nusu, akavipanga sakafuni kwa heshima, akalivuta ngazi kwa ngazi, akipumzika kila baada ya ngazi tatu. Mara mbili alimsikia mzee akiita neno lile lile, naye akaitikia, "Nakuja, laja."

Alilisukuma hadi miguuni pake, akafungua kifuniko, akatia nyundo ya mbao katika mkono wa kushoto. Vidole havikuishika. Ikaanguka. Mzee aliitazama nyundo, akamtazama yeye, uso ukiwa na rangi ya majivu.

"Sair," alisema. "Ma kist's sair."

Sair Nkatha alilijua, la Wheaton na la Peterhead ni moja. Kasha haliumi. Alikimbilia simu.

Wakati gari la wagonjwa linaondoka, alifungua kitabu cha zamu. Angeweza kuandika saa yoyote, hakukuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba. Aliandika kwamba mzee aliita saa nne na dakika ishirini. Mzee alikata roho kabla ya alasiri.

Siku ya tatu alirudisha funguo. Ayanna alikuwa jikoni, kitabu cha zamu kikiwa mbele yake.

"Umeandika saa nne na dakika ishirini. Simu ulipiga saa nne na dakika arobaini na mbili. Katikati kuna nini?"

"Alisema 'kist'. Nikaenda kumletea kasha."

Ayanna alikisukuma kitabu cha zamu pembeni. "Kist ni kifua," alisema.

"Wheaton lilikuwa sanduku."

"Kwa baba ni sanduku, na ni kifua. Na ni jeneza pia. Binamu yake alinipigia simu jana kutoka Peterhead. Aliniuliza kist itakuwa ya mbao gani."

Nkatha hakukaa. "Daktari amesemaje?"

"Amesema labda. Labda angepona, labda asingepona." Ayanna aliliburura daftari la maneno, akaligeuza upande wa Nkatha. Chini ya mstari wa kalamu maandishi yalisomeka vizuri: kist, kifua, pia kasha. "Niliandika. Ukaniambia unalijua."

"Nilisema."

"Na mimi sikuuliza unajua nini." Akafunga daftari. "Mazishi ni Jumamosi. Naomba usije, dada."

Wiki iliyofuata Solomon alipiga simu. "Kuna mama Silver Spring, ametoka Edinburgh. Wewe ndiye wangu wa Kiskoti."

"Sikijui."

"Wacha mchezo. Imeandikwa hapa kwa faili yako."

"Ifute."

"Nikiifuta, Nkatha, sina kazi ya kukupatia mpaka Aprili."

"Ifute tu, Solomon," alisema, akangoja asikie kalamu ikikwaruza karatasi.