Wimbo wa Mara Moja kwa Mwaka

Ipo Ijumaa moja, mwanangu Tirza, ambayo naikumbuka mpaka harufu ya vitunguu vilivyokuwa vikikaangwa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, nimesimama jikoni katika fleti yetu ya Al Thumama, hapa Doha, aproni kiunoni na mwiko mkononi, na nilikuwa naimba. Sabato ilikuwa imebakiza saa tatu kuingia. Sebuleni walikaa wageni wawili kutoka Kenya, walimu wa shule nilikofanya kazi ya ukutubi, waimbaji hodari wa kwaya ya kanisa lao. Pamoja nao alikaa Elisha, kijana wetu aliyezaliwa upande wa Kenya wa mlima wetu wa mpakani, wakati huo akiwa mlinzi katika hoteli moja ya mjini. Wageni walikuwa wameniuliza kama sisi Wayahudi wa milimani tuna nyimbo hasa au tunasoma tu vitabuni. Badala ya kuwaimbia zaburi ya kuipokea Sabato, ambayo ndiyo ilikuwa ya siku hiyo, nikawaimbia wimbo wa kufungua Siku ya Upatanisho, siku yetu kuu ya saumu. Ilikuwa Februari. Siku yenyewe ilikuwa bado miezi saba.

Najua barua hii utawasomea wenzako ambao hawakulelewa mlimani, kwa hiyo niruhusu niseme yale unayoyajua tangu ukiwa mgongoni mwa mama yako. Mwaka wetu una sauti zake. Jioni ya Ijumaa, kabla jua halijatua, zaburi huimbwa kwa makofi na, kule nyumbani, kwa ngoma. Sala za asubuhi za siku za kazi zina sauti nyembamba ya mtu anayewahi shambani. Za Sabato hutembea taratibu. Pasaka ina zake za mezani. Siku tunayokumbuka kuvunjwa kwa Hekalu, tunakaa chini sakafuni na Maombolezo husomwa kwa sauti inayoshuka kila mwisho wa aya, kama mtu anayetua mzigo asiotaka kuubeba tena. Kisha huja mwezi wa pembe, inayopulizwa asubuhi kwa asubuhi kutuamsha, na baada yake Mwaka Mpya na Siku ya Upatanisho, zenye sauti zisizoingia popote pengine. Halafu Sikukuu ya Vibanda, na siku ya kuifurahia Torati, ambayo hata wazee wenye magoti mabovu huruka. Maneno mengi ni yale yale mwaka mzima. Sauti ndiyo inayokuambia leo ni siku gani.

Aliyenifundisha hayo hapa Doha ni Mzee Yonathani. Alikuwa fundi wa kushona viti vya magari katika karakana moja ya Industrial Area, akilala chumba kimoja na wanaume watano, na kila Ijumaa alikuja kwetu kwa mabasi mawili akiwa amepiga pasi shati lake mwenyewe. Hapa hatuna sinagogi. Tuna sebule, na tunaimba kwa sauti ya chini, madirisha yamefungwa, kwa sababu jirani naye ana haki ya kupumzika. Lakini Mzee alikuwa akisema kwamba mtu akifumbwa macho na kuingizwa katika sebule ile, lazima aweze kujua tarehe kwa kusikia tu. Wimbo wa Siku ya Upatanisho alikuwa amenifundisha vipande vipande, kila kipande kwa wiki yake, na hakuwahi kuniimbia kipande cha pili siku moja na cha kwanza. Nilidhani ni uzee. Siku ile jikoni niliviunganisha vyote kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa wimbo ule huimbwa mara tatu, kwanza kwa mnong'ono, kisha kwa sauti zaidi, kisha kwa sauti yote, nami niliuimba mara zote tatu.

Nilipogeuka, Mzee alikuwa mlangoni, mfuko wa samaki mkononi. Sijui alikuwa amesimama pale muda gani.

“Karibu, Mzee.”

“Asante. Leo ni siku gani?”

“Ijumaa.”

“Ijumaa ya nini?”

Nikapunguza moto wa vitunguu.

“Mimi nimetoka Industrial Area na basi mbili nije kupokea Sabato,” akasema. “Nimefika mlangoni naambiwa nifunge saumu. Sasa huyu samaki nimpeleke wapi?”

Wageni wakacheka, wakidhani ni utani mtupu. Elisha naye akaruka kunitetea. “Mzee, si ni wimbo tu! Dada ameua, wallahi. Hata hawa wa kwaya wamenyamaza, na hawa hunyamaza wakilala tu.”

“Ameimba vizuri sana,” Mzee akajibu. “Angeimba vibaya nisingekuwa na neno.”

Aliingia jikoni, akaweka samaki kwenye beseni, na hapo akaniambia kwa sauti ndogo jambo ambalo hakuwa amelisema kwa miaka yote tuliyojuana. Mkewe, Rakeli, alifariki yeye akiwa hapa kazini, na hakuwahi mazishi. Sinagogini mlimani, Rakeli alisimama nyuma upande wa wanawake, na katika mara ya tatu ya wimbo ule sauti yake ndiyo iliyowabeba wengine wote. “Mwaka mzima sitaki kuusikia,” alisema. “Nikiusikia siku ile, namsikia na yeye. Mara moja, basi, inanitosha mwaka. Na mwaka huu wewe ndiye utauimba. Kifua changu kimejaa vumbi la sponji, na mkataba wangu unaisha Desemba. Hii ndiyo Siku yangu ya mwisho hapa. Nitunzie, binti.”

Nilimwomba radhi, na niliomba kwa moyo. Lakini lipo jambo moja nililijua na sikulisema. Elisha alikuwa amenirekodi kwa simu yake. Ningeweza kumwambia afute, jambo la kumchukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Sikumwambia, kwa sababu nilikuwa nimesikiliza na nikajipenda. Haya ndiyo makosa ya wenye sauti nzuri, mwanangu, nawe sauti unayo, kwa hiyo sikufichi.

Haukupita mwezi wimbo ule ukawa mlio wa simu ya Elisha. Ulilia kila msimamizi wake alipomtaka abadilishe zamu. Wenzetu wawili wakauomba, wakaupata. Niliusikia kwenye ngazi za jengo letu, nikausikia kwenye metro ukikatwa katikati na “Haloo, niko njiani!”, nikajikuta hata mimi nauimba huku nikianika nguo. Mzee alipokuja, waliweka simu kimya kwa heshima, na mimi nikajiambia kwamba hana habari na hakuna kilichoharibika.

Siku ikafika. Tulikuwa watu kumi na wanne, nguo nyeupe, simu zote zimezimwa na kurundikwa kwenye droo ya jikoni. Mzee alikaa kiti cha karibu na dirisha, mikono juu ya magoti. Jua lilikuwa linaishia nyuma ya jengo la pili. Nikaanza kwa mnong'ono, kama alivyonifundisha.

Sikuwa nimemaliza mstari wa kwanza nilipouona mkono wa Elisha ukienda mfukoni. Mfuko ulikuwa mtupu, naye alijua ni mtupu, lakini mkono ulienda wenyewe. Na nyuma yake, mkono mwingine. Na mwingine. Mama mmoja akaona, akashikwa na kicheko, akajaribu kukizuia kwa mtandio, na kicheko cha kuzuiwa unakijua kilivyo: kikaenea. Nikamtazama Mzee. Alikuwa ameuona ule mkono. Hakukunja uso. Aliinua kiganja tu, nami nikanyamaza.

“Tuyaseme,” alisema. “Mara mbili zilizobaki tuyaseme tu.”

Tukayasema maneno yale kama watu wanaosoma barua ya ofisini, bila kuimba, macho chini. Kati ya siku zote za maisha yangu, sijawahi kutamani kurudisha siku nyuma kama jioni ile.

Kesho yake, saumu ilipofunguliwa, nilimpelekea Mzee chai. Sikuweza kumtazama. Akapuliza kikombe, akanywa, ndipo akasema: “Nilikuja kumsikia Rakeli, binti. Nimemsikia msimamizi wa Elisha.”

Nilicheka kabla sijajizuia, naye akacheka, na katikati ya kicheko hicho sote wawili tukawa tunalia, chai inamwagika kwenye kisahani. Hakunikemea zaidi. Ningefurahi kama angenikemea.

Jirani yetu wa ukuta mmoja wakati huo alikuwa Bi Zuhura, Mzanzibari, mke wa dereva wa hoteli. Alinikuta kwenye lifti. “Juzi mbona hamkuimba ile yenu ya mwaka? Mie nimevuta kiti ukutani nangoja.” Nilipomweleza, akajishika kiuno. “Loo! Na yule kijana simu yake inavyolia kwenye ngazi, nikasema hawa wameichezea. Hebu fikiri sisi tuzilete takbira za Idi kila asubuhi tukichemsha chai. Idi yenyewe utaamka na nini?” Hakuwa amesoma hata aya moja ya vitabu vyetu, lakini alilielewa jambo hili kuliko mimi niliyekuwa na shahada.

Desemba tulimsindikiza Mzee uwanja wa ndege. Nikamwomba aniruhusu nimwimbie, pale pale, kwa sauti ya chini, alau aondoke nao. Akatikisa kichwa. “Uliuimba kwa kujionyesha, sasa unataka kuuimba kwa huruma. Februari na Desemba ni mamoja, binti. Usiuguse.”

Basi hatukuugusa. Elisha aliufuta mbele yangu, na akahakikisha wale wawili nao wameufuta. Mwanzoni ulinijia mdomoni wenyewe, hasa kwenye kuanika nguo, na nilijifunza kuuzima kwa kuimba zaburi ya wiki. Mwezi wa Maombolezo nilikaa sakafuni na kuomboleza kweli. Mwezi wa pembe ulipokuja nilisikia njaa ya wimbo ule, njaa hasa, kama ile inayokuja saa tisa alasiri ukiwa umefunga.

Siku ya Upatanisho ikafika tena. Tulikuwa tumemaliza chakula cha mwisho na nilikuwa nakusanya simu za watu ili nizitie kwenye droo, yangu ikalia. Alikuwa Mzee, kutoka mlimani, sauti imejaa kikohozi.

“Binti, kifua hakinipi nafasi. Sijui kama nitafika sinagogini leo. Niimbie kidogo. Mstari mmoja tu.”

Tirza, nilimpenda mzee yule kama baba. Nilitazama dirishani. Jua lilikuwa bado juu ya jengo la pili, upana wa mkono mmoja.

“Mzee,” nikamwambia, “jua bado.”

Kisha nikasikia anacheka, akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka mtu akampa maji. “Basi umejifunza,” alisema. “Zima simu, nenda kaimbe. Mimi nitafika, hata kwa kubebwa.”

Jua la Doha hutua mapema kuliko la kwetu. Nilipouanza kwa mnong'ono, kule mlimani bado kulikuwa kweupe. Hakuna mkono ulioenda mfukoni. Mara ya pili Elisha alikuwa amefunika uso. Mara ya tatu sikujisikia mimi tena, nilisikia sebule nzima, na upande wa pili wa ukuta nikasikia kiti kikivutwa. Na wakati wote huo nilijua kwamba kuna mzee amebebwa na wajukuu zake kwenye njia ya kilima, wimbo wake bado haujaguswa na mtu, unamngoja. Alifika. Aliishi akafika Siku nyingine mbili kama hiyo.

Sasa jana umeniandikia kwa furaha kwamba wewe ndiye utakayeimba mwaka huu, na kwamba utarekodi mazoezi uyaweke kwenye kundi letu la simu ili kila mtu aujue mapema. Nimefurahi mno kwa habari ya kwanza. Kwa ya pili, nakuomba usirekodi. Njoo kwangu Jumapili baada ya kazi, nikupe kipande cha kwanza. Cha pili tutakichukua wiki inayofuata, na tusiviunganishe mpaka jua la siku ile liwe linashuka. Atakayekuambia kwamba ni wimbo tu, usimgombeze, mimi mwenyewe niliwahi kulipokea neno hilo kwa tabasamu. Siku nyingine zote imba zake, uziimbe kwa moyo wote, kwa maana zaburi ya Ijumaa nayo haitaki kuachwa jikoni kwa ajili ya wimbo wenye sifa zaidi. Na anayekuomba ulichomtunzia kabla ya wakati wake, hata ukimpenda, hasa ukimpenda, mwambie jua bado.

Mungu wa baba zetu na mama zetu aitunze sauti yako, akupe na moyo wa kungoja. Akufikishe siku ile ukiwa mzima, mkono wako umetulia na koo lako safi. Na utakapofika mara ya tatu, kila aliyekuja kumsikia mtu wake amsikie. Amina.