Uso wa Mtakatifu Anna Ukutani

Kanisani kwetu Fort Worth, huku ughaibuni, kulikuwa na kikanisa cha pembeni, na ukuta wake mmoja ulikuwa mtupu. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili padri akaamua achorwe Mtakatifu Anna, mamake Maria. Kazi akapewa fundi mmoja Mkongomani aliyefundishwa kuchora na wamisionari Waitalia huko Bukavu. Padri akasema sura iwe ya mtu wetu. Basi kila mama akajiona mtakatifu. Hata mmoja wa kwaya, ambaye tangu nimjue hajamsamehe mtu, alianza kupita mbele ya fundi ameinamisha kichwa.

Mimi nilimwendea fundi moja kwa moja. Nilimwambia nataka achorwe mama yangu. Alifariki Voi mwaka uliotangulia, nami sikwenda kumzika, kwa sababu makaratasi yangu ya uhamiaji yalikuwa hayajakamilika na ningetoka nisingeweza kurudi. Picha yake niliyokuwa nayo ilikuwa ndogo, tena amegeuka upande. Lakini mimi na yeye ni shilingi kwa ya pili. Akinichora mimi, amemchora yeye.

Fundi akanitazama. "Sawa, Mama. Lakini kuja mapema. Chokaa haingojaka mutu."

Akanieleza kwa nini. Zaidi ya miaka mia tano iliyopita Waitalia walichora kuta za vikanisa vyao namna hii: wanapiga lipu ya chokaa na mchanga, kipande cha kazi ya siku moja tu, kisha wanapaka rangi lipu ikiwa bado mbichi. Ikikauka, rangi imekuwa ukuta wenyewe, na ndiyo maana picha zile zipo hadi leo. Ukichelewa, rangi inakaa juu juu, baadaye inabanduka. Watakatifu walipewa sura za majirani, na tajiri aliyelipia kazi alichorwa pembeni amepiga magoti, hata kama alikuwa mwizi. Nikamwambia sisi husema samaki mkunje angali mbichi. Akacheka, akasema ni hivyo hivyo.

Siku yenyewe nilitoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikaenda na yunifomu yangu. Lipu ilikuwa tayari. Nikaketi, nikajifunga leso kichwani kama mama alivyokuwa akijifunga. Mle ndani mlikuwa na ubaridi mzuri. Nakumbuka fundi akichanganya rangi. Sikumbuki kingine.

Aliponiamsha ilikuwa alasiri. Ukutani alikuwa mama, mdomo wake, mashavu yake, na amefumba macho.

Nilikasirika. "Fundi, umenichorea maiti."

"Nilikuita, Mama. Mara mingi. Ulichoka sana, na chokaa ilikuwa inakauka."

"Basi mfumbue macho."

Akasema haiwezekani. Ndani lipu ilikuwa bado mbichi, lakini juu imeshakauka, haivuti rangi tena. Akipaka macho sasa yatabanduka. Njia ni moja, kubomoa uso wote kwa patasi na kuanza upya. Wala hakununa. Alichukua patasi na nyundo, akapanda ngazi, akaniangalia akingoja neno langu.

Nikasogea nimtazame vizuri kabla hajavunjwa. Kwetu, jeneza halifunikwi mpaka watu wapange mstari na kumuaga marehemu, mmoja mmoja. Ndugu zangu wote walipita. Waliniambia kwa simu kwamba mama alionekana kama amelala, nami niliwaonea wivu mpaka nikawachukia. Wao walikuwa wamemwona.

"Shuka, fundi," nikasema. "Niache naye kidogo."

Akashuka, akatoka nje kuosha brashi zake. Nikaenda mlangoni, nikarudi polepole kama mtu aliye kwenye mstari, nikasimama mbele yake. Nikamwambia kwaheri, mama. Nililia sana. Nilitamani kumshika shavu, lakini sikumgusa. Ndani alikuwa bado mbichi.