Walimulilia Yaya Angali Muzima

Ndugu na wamama, songeleeni, mwenye kusimama aikale, na weye wa nyuma acha kwanza telefone. Mi sikusoma, lakini midomo Mungu alinipa mbili. Nikisema mvua imepiga Bunia, juweni ni matone tatu. Ila leo ni habari ya yaya yangu, dada mukubwa, ule alinibeba ku mugongo. Sitaongeza chumvi. Pengine kidogo.

Yaya alikuwa anauzisha samaki ya kukausha. Sauti yake, akiita mutu hapa mu mutaa ya Saio, wavuvi wa kule mbali Mahagi-Port wanaacha nyavu, wanaitika. Mwaka moja ziwa yake ya kushoto ikavimba, ikakuwa nyekundu, ya moto kama sufuria, ngozi inafanana na ganda ya chungwa. Ukigusa, hakuna kitu kigumu ndani. Tukasema ni jipu. Akapaka majani miezi mbili, njo tukaenda ku hopitali.

Munganga alikata kanyama kadogo, wakatuma mbali kuangalia. Jibu ikarudi: kansere ya ziwa, ya aina moja inapata watu wachache sana. Nikauliza yaya atabakia na siku ngapi. Munganga akaweka kalamu chini. Akasema ile kansere ingine ya maziwa anaiona kwa wamama mingi, anaweza kukisia. Hii inakimbia, inaua wengi upesi, lakini kuko wale wanadumu, na hajui yaya iko wa upande gani.

"Papa, nikikupa siku, nitakuwa nakudanganya."

Sasa, familia yetu vita ilitawanya. Shangazi iko Ariwara, wengine Mahagi, wengine ku kambi ya watu walikimbia Djugu. Barabara si ya kuamini. Wasipojua mapema, mutu anazikwa na majirani tu. Yaya aliogopa hiyo kuliko kansere. Alikuwa ananiambia kila siku asizikwe kama mugeni. Kwa hiyo wote walinipigia telefone, wanauliza siku. Nikijibu munganga hajui, wanasema ni mi sikusikia vizuri juu sikusoma. Nikachoka. Shangazi alipouliza mara ya elfu, nikamujibu: munganga amesema mahindi ya shamba haitakauka yaya angali muzima.

Wakaondoka kwao wote. Walikuja na malori kumi. Bon, ilikuwa pikipiki ine. Wamefunga vitambaa ku kiuno, wamebeba unga ya muhogo, kuni, na bashi ya kutandika juu ya watu wa kilio. Walianza kulia tangu barabarani. Yaya alikuwa mbele ya mulango, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Shangazi akafika, akamuangalia uso, kiisha akaendelea kulia. Kilio ikishaanza, utaikatia wapi?

Siku tatu yaya aliwapikia watu wa kilio yake. Walikuwa wanaketi chini ya bashi, wanahadisia wema yake, vile alilisha huyu, vile alificha ule wakati wa vita. Yeye anasikiliza ku mulango ya jikoni. Haya ilinikula, nikataka kusimama niseme ukweli. Akanikamata mukono. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kama vya kuku, na hapo siongezi.

"Nyamaza. Sikujua kama wananipenda hivi."

Wakarudi kwao. Mahindi ikakauka, tukakula, tukapanda ingine, yaya angali. Lakini dawa ilimumaliza nywele, mukono ikavimba kama muguu, na ile sauti ikaisha kabisa. Akitaka maji, alikuwa anagonga kijiko ku kikombe. Mi nilikuwa namuchekesha na uongo wangu wote. Alikuwa anacheka na mabega tu.

Alikufa siku ya soko, saa ine ya asubuhi, niko namupanguza uso na kitambaa. Nilibakia nashika ile kitambaa, sijui nitaiweka wapi. Majirani wakajaa. Njo nikakumbuka: asizikwe kama mugeni. Nikapigia shangazi mbele ya wote, nikamwambia yaya ametuacha, mukuje leo. Nikalia. Kiisha sauti ya shangazi ikatoka kule Ariwara mu telefone, kila mutu akasikia:

"Mutoto yangu, ni munganga anasema, ao ni weye?"