Swali la Verlene Kwenye Kanda

Watu wakija kuniuliza habari za studio yetu, wanataka waimbaji. Nani alivaa nini, nani aliiba mume wa nani, nani alipanda jukwaani amelewa chakari. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza habari za Odessa Pruitt. Jambo hilo huniudhi, kwa hiyo leo nitasimulia habari zake, mpende msipende.

Odessa alikuwa mtunza kanda. Studio ilikuwa kiwanda cha zamani cha barafu upande wa kaskazini wa Memphis, mali ya Bwana Stoddard, Mzungu mwenye sikio zuri la muziki na subira haba. Mimi nilikuwa mpiga gitaa la besi. Odessa aliingia mwaka 1961 kufagia, na baada ya miaka miwili akakabidhiwa ufunguo wa chumba cha kanda, chumba kisicho na dirisha ambacho ubaridi wa barafu ulikuwa bado haujatoka ukutani. Alikuwa mrefu, mkavu, miwani inaning'inia shingoni, na mdomo wake haukuwa na breki.

Alikuwa na sheria moja aliyotukaba nayo koo. Kanda ikishasikilizwa, hairudishwi mwanzo. Inaachwa iende taratibu mpaka mwisho, na ule mwisho ndio unaokaa nje inapofungwa ndani ya boksi. Kanda iliyozungushwa hulala tabaka juu ya tabaka, na sauti huvuja kutoka tabaka moja hadi jingine. Ukiacha mwisho nje, sauti iliyovuja hufuata nyuma ya mwimbaji, na hakuna anayeitambua. Ukiacha mwanzo nje, inamtangulia. Unamsikia mtu kwa mbali, sekunde mbili kabla hajafungua kinywa.

"Kaka Cleophus," aliniambia siku aliponikuta nataka kufunga boksi ovyo, "kwenu mnavaa suruali kichwani?"

"Hapana, Bi Odessa."

"Basi na hiyo igeuze."

Aliyetutoa sote kimasomaso alikuwa mdogo wake, Verlene. Yeye na wasichana wawili wa kwaya ya kanisa lao la Kibaptisti walijiita The Lornettes, na mwaka 1964 santuri yao ya pili ilishika. Kiangazi kile hukuweza kupita mbele ya saluni yoyote mtaani bila kuwasikia. Mwaka uliofuata walikuwa wakizunguka majimbo kumi na mawili kwa gari, na magauni yao ya manjano yalishonwa na Odessa mezani kwake, kwenye meza hiyohiyo aliyokaangia samaki siku ya Ijumaa. Mama yao alikuwa amekufa Verlene akiwa na miaka tisa. Odessa ndiye aliyemlea.

Verlene hakuweza kuimba bila jambo moja. Taa nyekundu ikishawaka, kanda ikishaanza kuzunguka, aliinua uso kuelekea kwenye kioo cha chumba cha mitambo na kuuliza kwa sauti ya chini, "Dessa, upo?" Hakuna anayeruhusiwa kusema neno taa ikiwaka, kwa hiyo Odessa hakumjibu kwa mdomo hata siku moja. Aliinua mkono wa kulia nyuma ya kioo. Verlene akisema, "Haya, basi," ndipo mpiga ngoma anahesabu na sisi tunaingia. Stoddard aliyaacha maneno hayo nje kila mara santuri ilipotengenezwa, lakini kwenye kanda yalibaki. Nimeyasikia labda mara mia mbili.

Kisha likaja lile la majina. Stoddard alitaka santuri mpya iandikwe jina la Verlene kwanza, halafu kundi. Ndivyo ilivyofanyika kila mahali miaka ile: kundi likipata umaarufu, mmoja anatolewa mbele na wenzake wanakuwa mapambo. Verlene alitia saini bila kuwaambia wenzake. Odessa alipata habari asubuhi ya kurekodi.

"Umeimba nao tangu mna mapengo," alimwambia pale kwenye korido, mbele yetu. "Leo wamekuwa wa nyuma yako?"

"Dessa, si mimi niliyeamua."

"Kalamu aliishika nani?"

Verlene alifuta macho akaingia. Taa ikawaka. Akainua uso. "Dessa, upo?"

Nilikuwa nimekaa pembeni, gitaa mapajani, na kutoka pale niliona kioo vizuri. Odessa alikuwa amesimama palepale pa siku zote. Aliinamisha kichwa, akawa anapekua karatasi zake, amejitia hamnazo. Verlene alisubiri. Hakuwahi kusubiri vile. Hakusema "haya, basi." Alimwashiria mpiga ngoma kwa kichwa, tukaanza, na aliimba vizuri kuliko siku zote, jambo ambalo bado linaniuma.

Stoddard aliisikiliza kanda, akairudisha mwanzo, akaondoka. Kazi ya Odessa ilikuwa kuipeleka taratibu hadi mwisho. Siku hiyo hakufanya hivyo. Aliitoa kwenye mashine kwa hasira ilivyokuwa, mwanzo nje, akaibamiza kwenye boksi. Ni mara pekee nilipomwona akivunja sheria yake mwenyewe.

Kesho yake adhuhuri, kwenye barabara ya kwenda Little Rock, mvua inanyesha, gari la The Lornettes lilitoka njiani. Wale wawili walivunjika mifupa. Verlene alizikwa Jumamosi. Kanisa lilijaa mpaka nje, akina mama wanajipepea kwa pepeo za karatasi, na Odessa alikaa mstari wa mbele bila chozi, mkono wa kulia ameukalia chini ya paja.

Miezi minane ikapita. Watu wanasahau haraka, na wenye studio haraka zaidi. Stoddard alimleta msichana kutoka Milwaukee, Renetta Goolsby, miaka kumi na tisa, mpole, sauti nzuri. Alitaka aimbe wimbo ule wa mwisho juu ya muziki wetu uleule, kwenye mstari uleule wa kanda, uliotengwa na mistari ya vyombo, aliokuwa ameimbia Verlene. Mashine inapoandika sauti mpya inafuta ya zamani, na Stoddard, kwa ubahili wa kazi, alibonyeza kitufe pale tu kila ubeti ulipoanza na kukiachia ulipokwisha. Kwenye nafasi za katikati hakugusa. Alidhani hapakuwa na kitu.

Renetta aliimba ubeti wa kwanza, akavua hedifoni.

"Samahani. Ni nani anaimba kabla yangu?"

"Hakuna mtu," Stoddard alisema. "Endelea."

"Yupo. Ananitangulia. Kila nikitaka kuanza, ameshaanza."

Stoddard alifungulia spika na sote tukasikia. Sauti ilikuwa mbali, nyembamba, imetoka chini kabisa ya ukimya, ikisema maneno ya ubeti ambao haujafika. Kisha Renetta akaimba maneno hayohayo juu yake. Miezi minane kanda ile ilikuwa imelala vibaya ndani ya boksi, na Verlene amevuja akajaa kwenye kila nafasi. Niligeuka nikamwona Odessa mlangoni. Alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto.

Stoddard alitabasamu. "Tuiache. Watu wataipenda."

Na kweli waliipenda. Wimbo ule ulipanda kuliko wowote tuliowahi kutoa. Ulifika nafasi ya tatu nchi nzima, na barua zilikuja kwa magunia zikiuliza nani yule anayeimba kwa mbali. Tulipelekwa Chicago, Detroit, Philadelphia. Renetta alivalishwa magauni ya manjano yaliyopunguzwa kiunoni. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu jukwaani hapakuwa na kanda. Tulikuwa sisi wanadamu sita na vyombo vyetu. Lakini kabla ya kila ubeti Renetta aliinamisha kichwa, anasikiliza, na aliingia amechelewa. Sekunde mbili. Nilikuwa nahesabu kwa mguu. Wapigaji walimcheka, eti msichana wa Milwaukee hajui kuhesabu. Mimi sikucheka. Kule Detroit, tukiwa tumeshaanza kupiga, aligeukia pembeni ya jukwaa, akatazama gizani nyuma ya pazia kama mtu anayeitikia mwito, na hakuimba kabisa.

Tuliporudi Memphis nilimpeleka kwa Odessa. Ilikuwa saa nne asubuhi, Odessa anasafisha mboga jikoni. Alimtazama msichana yule kutoka kichwani mpaka miguuni. Renetta alikuwa amebaki mifupa.

"Hawakulishi huko?"

"Siwezi kula, Bi Odessa. Nina la kukuomba." Renetta alishika ukingo wa meza. "Dada yako simchukii. Kuimba aimbe, nitamsubiri. Lakini siku hizi kabla ya wimbo ananiuliza, na mimi sina la kumjibu. Mimi si Dessa."

Kisu kilisimama. Jina hilo lilitumika kati ya watu wawili tu duniani, na mmoja alikuwa kaburini. Mimi mwenyewe sikuwahi kumwita hivyo. Sehemu ile ya mwanzo wa kanda haikuingia kwenye santuri, na hakuna aliyemchezea wala kumsimulia Renetta.

"Anauliza nini?" Odessa alisema.

"Anauliza kama upo. Halafu anasubiri."

Odessa alikaa chini. "Nilimwona akisubiri," alisema. "Msidhani sikumwona. Nilisema moyoni, muache asubiri kidogo, ajifunze. Nitamwinulia mkono akirudi."

Akaniambia nichukue kofia.

Stoddard alikuwa New York siku hiyo. Odessa alifungua chumba cha kanda kwa ufunguo wake, akaitoa ile kanda, akaiweka kwenye mashine. Alisema Renetta aimbe upya, wimbo mzima, bila kitufe kuachiwa hata mara moja tangu kabla ya neno la kwanza. Hapo kila kitu kilichovuja kwenye mstari ule kingefutika.

Nilijaribu kumzuia, nakiri. "Bi Odessa, hii ndiyo ya mwisho aliyoimba."

"Santuri zake ninazo kumi na moja. Huko anawaimbia watu." Alivaa miwani. "Hapa ananiuliza mimi. Na huyu mtoto ndiye anayebeba swali langu."

Alisikiliza mwanzo mara moja tu. Mimi pia nilisikia kwenye spika: lile swali, limefifia kama mtu anayesema chumba cha pili, halafu ukimya mrefu wa kusubiri. Odessa hakutikisika. Alirudisha kanda, akanielekeza kitufe cha kubonyeza, akatoka kwenda kusimama mbele ya maikrofoni karibu na Renetta. Taa nyekundu ikawaka. Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumsikia Odessa Pruitt akisema taa ikiwa imewaka.

"Nipo, Verlene," alisema. "Nilikuwepo."

Akarudi nyuma hatua moja. Muziki ukaanza, na Renetta akaingia pale panapotakiwa, hajachelewa hata chembe. Aliimba mpaka mwisho machozi yanamtiririka. Hakusikia tena kitu, si siku ile wala baadaye. Aliimba miaka mitatu mingine, akaolewa, sasa anafundisha kwaya kwao Milwaukee, na amenenepa.

Odessa aliiacha kanda iende taratibu mpaka mwisho, akaifunga kama inavyotakiwa, mwisho nje. Stoddard aliporudi alifoka sana, lakini santuri zilishauzwa na wimbo ulishaanza kushuka, kwa hiyo alichoka kufoka. Studio ilipofungwa mwaka 1968 Odessa alichukua boksi lile moja akaenda nalo nyumbani. Alifanya kazi jikoni katika shule mpaka alipostaafu. Hakuolewa. Boksi lilikaa chini ya kitanda chake.

Nilimwuliza mara moja, tumeshazeeka wote wawili, tunakula pai ya pichi barazani kwake, kama amewahi kuisikiliza.

"Kwa nini niisikilize? Ninajua nilichosema."

"Labda ungependa tu."

Alinitazama juu ya miwani. "Nikisikiliza, Cleophus, na baada ya kusema kwangu pakawa kimya, nitaishije?"

Alikufa mwaka 2012. Baada ya maziko na chakula cha kanisani jamaa yake mmoja alinipa lile boksi, kwa kuwa hakujua la kulifanyia. Mashine ya zamani ninayo. Jua la saa tisa lilikuwa limejaa sebuleni, mtoto wa jirani anaendesha baiskeli nje. Niliipachika kanda, nikairudisha mwanzo, nikawasha.

Nilisikia mvumo, kisha Odessa, wa karibu, mkavu, kama yuko kwenye kiti cha pili: "Nipo, Verlene. Nilikuwepo." Kanda iliyohifadhiwa vizuri huacha mwangwi wake nyuma, sekunde mbili, na nilitega sikio nimsikie Odessa mara ya pili kwa mbali. Nilihesabu kwa mguu, kwa mazoea. Sekunde mbili zikafika. Sauti iliyokuja haikuwa ya Odessa.

"Haya, basi," ilisema.

Verlene hakuwahi kusema hivyo kwenye kanda ile. Nilikuwepo, nilishika gitaa, naijua. Niliiacha iende mpaka mwisho, taratibu, kama nilivyofundishwa, na nililia zaidi kwa hasira kuliko kwa huzuni. Odessa alilala juu ya jibu lile miaka arobaini na minne.