Mshale Ulioelekea Migombani

Mwenye shamba lile la Kisondela alikuwa bibi mjane, na alituruhusu kuchimba kwa sharti moja. "Huko juu kwenye migomba amelala mzee wangu," alisema. "Hapo msiguse." Tukamwahidi. Sisi ni wanaakiolojia, tulifuata mabaki ya tanuru la kale la kuyeyushia chuma, na marehemu wa watu hatukuwa na haja naye.

Nilikuwa na kiherehere cha kuwaonyesha watu kazi yetu. Nilishachoka kuulizwa kama tunatafuta dhahabu, kwa hiyo kila jioni nilirusha picha mtandaoni: tukichekecha udongo, tukiosha vigae, tukila ndizi chini ya turubai mvua ikinyesha. Kwenye kila picha ya shimo huwa tunaweka mshale mdogo wa mbao unaoonyesha kaskazini. Ni utaratibu wa kazi. Bila huo picha haitufai. Sikueleza. Nani angejali kamshale?

Walijali. Wa kwanza alikuja na bodaboda, akasimama ukingoni mwa shimo na simu mkononi. Akatazama picha, akatazama mshale, kisha akatazama migomba. Kisha akawasha pikipiki akaondoka. Kesho yake walikuja wawili. Walianzia kwenye shimo letu, wakapanda shambani wakihesabu hatua kwa sauti ya chini. Ndipo mwenzangu mmoja akanieleza maneno ya kijiweni: Mjerumani alifukia mali hapa, wataalamu wameipata, na kwenye kila picha wanaelekezana ilipo.

Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka. Kaskazini ya shimo letu, hatua chache tu, ndiko alikozikwa yule mzee wa bibi. Nilifuta picha zote, lakini zilikwisha kuzagaa kwenye simu za watu mpaka Lupepo. Mwenyekiti wa kijiji alisema atalishughulikia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka nalo.

Bibi hakutulaumu. Alitoa kigoda jikoni, akakiweka kando ya kaburi, akakaa hapo na panga lake la kukatia majani ya ng'ombe, tangu asubuhi mpaka giza linaingia. Ukungu ukishuka tulimwona kilemba tu. Kwa siku tatu wale watu walipita barabarani, wakapunguza mwendo, wakamtazama, wakaondoka. Nikawa naogopa hata mlio wa pikipiki.

Mimi nikajiona nina dawa. Niliandaa maonyesho Jumamosi mchana kwenye darasa la shule ya jirani, watu wote waje, niwaeleze mshale ni nini. Nikamwomba bibi akae benchi la mbele, maana wakimwona mwenyewe wataona haya.

"Gwe mwanangu," alisema, "nikiondoka hapa, anabaki nani?"

Nikamwambia kijiji kizima kitakuwa shuleni. Nilimbembeleza mpaka akasimama, nikamshika mkono tukateremka.

Darasa lilijaa. Walinisikiliza kwa adabu, wakapokezana vipande vya mavi ya chuma, yale makapi yanayobaki tanuruni, wakapiga makofi. Maelezo ya kaskazini yalikuwa yamenoga nilipogundua kwamba yule wa bodaboda hayumo, wala wale wawili. Nikaendelea kuongea. Hilo sijajisamehe mpaka leo: niliwaona hawapo, na nikaendelea kuongea mpaka mwisho.

Tuliporudi migombani tulikuta saruji ya kaburi imevunjwa, jeneza limepasuliwa, na mifupa imetupwa ovyo kati ya migomba. Bibi hakulia. Alinigeukia.

"Wewe ndiye fundi wa mifupa. Ingia, umlaze kama alivyokuwa."

Nilivua viatu nikaingia. Miaka yote ya kazi yangu nimeshika mifupa ya watu, lakini haijawahi kuwa na mke amesimama juu yangu, akiniambia ni mguu upi mumewe alivunjika enzi zake, na alikuwa akifanya nini. Nilipomaliza, aliniuliza kama ametimia. Vidole viwili vya mkono wa kushoto sikuviona popote.

"Ametimia, bibi," nikasema.

"Ndaga, mwanangu," akanishukuru, akaanza kurudisha udongo.